Ukungu wa Shimoni

Kaka yangu aliimwagia miche yangu salfa, kisha akasubiri nimshukuru. Naanza na hilo kwa sababu kila nikilikumbuka damu inanichemka, na kwa sababu hapa kwetu Kibiti hakuna hata mtu mmoja aliyeona kwamba kaka amekosea. Mtu wa korosho akiona kitu cheupe kimekaa kwenye mmea, mkono wake unakwenda kwenye salfa wenyewe, kama unavyokwenda kwenye mbu shingoni. Hauulizi.

Sisi tumekulia kwenye vita hiyo. Mikorosho ikitoa maua, ubwiri unga unayavika vumbi jeupe, yananyauka, na jasho la mwaka mzima linakwenda na maji. Kwa hiyo kuanzia maua ya kwanza mashine za kupulizia zinavuma kila shamba, na harufu ya salfa inaingia mpaka kwenye chai. Ukungu wa korosho, ukungu wa mkate, ukungu wa ukutani, kwetu wote ni ukungu na wote unauawa. Mtu akisema kuna ukungu wa heri, ataulizwa kala nini.

Mie nimelisema. Tena nimelisema mbele ya ukoo mzima, nimekaa chini kwenye vumbi, nimekunja mikono. Lakini nisirukie huko kabla hamjajua nilikuwa nagombania nini.

Baba yetu alitoka vilimani huko kusini, Umatumbini, akiwa kijana, akaja Kibiti akafyeka pori karibu na barabara kuu, akapanda mikorosho. Barabara ilipojengwa, wakandarasi walichimba kifusi kwenye kona moja ya shamba. Walikwangua udongo wote wa juu wakaubeba, wakachimba na wa chini yake, wakaacha shimo pana lisilo na kina, sakafu nyekundu ngumu yenye kokoto. Mvua ikinyesha maji yanatuama, jua likiwaka panapasuka. Hata mbuzi walikuwa wanapita pembeni.

Baba alipofariki, kaka ndiye aliyegawa. Dini inanipa nusu ya fungu la kaka yangu, na mie sina ubishi na Mungu. Lakini Mungu hakusema hiyo nusu iwe shimo. Kaka alichukua mikorosho yote, kisha akaninyooshea fimbo kule kwenye kona. "Dada, lako lile pale. Liko karibu na barabara, una bahati." Watu wakacheka. Nikacheka nao, maana nilikuwa nimetoka kwenye talaka juzijuzi na sikutaka wanione nalia mara ya pili.

Haukupita muda, akatokea mtu wa mjini anayetafuta eneo la barabarani aweke yadi ya matofali. Ghafla shimo likawa na maana. Kaka akaita kikao, akasimama na kanzu yake imenyooshwa, akasema ardhi ya ukoo haikai bure. Aliyepewa akishindwa kuifanyia kazi, irudi kwa mkubwa.

Sasa, kwetu kazi ya ardhi ni mti. Mihogo, mpunga, ufuta, hata mgeni aliyeazimwa shamba anaruhusiwa kupanda, kwa sababu akishavuna anaondoka. Mti wa kudumu haruhusiwi, maana mti unasema hapa ni pangu. Ukimwona mtu kapanda mnazi, jua huyo hatoki tena. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba aondoke, akakata shauri: masika ya tatu kuanzia sasa, ukoo utakwenda shimoni. Tukikuta miti imesimama, ni la dada. Tukikuta kokoto, kaka auze.

Kaka akatabasamu. Alijua kwamba nilishajaribu mikorosho mle ndani. Ilitoa majani mawili ya kuaga, ikaondoka. Nilijaribu na mihogo, nikavuna vidole. Njia nzima ya kurudi nyumbani niliuma meno. Nilikuwa sina mume, sina nyumba ya maana, na kitu pekee duniani kilichokuwa changu kilikuwa lile shimo, na hilo nalo walitaka kulila.

Nikamkumbuka mama. Mama hakuwahi kuhamia Kibiti moyo wote. Mvua zikianza tu, alikuwa anavuka mto kurudi vilimani kwao kuchuma uyoga, akinichukua mie nimbebee kikapu. Wenzake walikuwa wanatafuta uyoga kwa kutazama chini. Mama alikuwa anatazama juu. Anakwenda kichwa kimeinuka, anasoma matawi, akishauona mkongo au myombo ndipo anainama na kufukua majani. Mti ndio unaozaa uyoga, alikuwa akisema, ukitafuta chini utapata mgongo kuuma tu. Tukirudi aliupika kwa nazi, na kaka yangu, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa anasubiri sufuria aikwangue kwa kidole.

Basi nikakumbuka ile mikongo. Ilikuwa inasimama juu ya mgongo wa mlima, penye mawe matupu, minene, imetulia, kama haijui kwamba pale hapafai. Nikasema ni huo huo. Kama unaota juu ya jiwe, utaota na kwenye kokoto ya mkandarasi.

Nilipotangaza kwamba napanda mkongo, vijana wa bodaboda walishika mbavu. Siku hizi mkongo una maana nyingi. Kuna mti, wenye mbao wanazozipenda mafundi. Kuna dawa ya nguvu za kiume inayouzwa stendi kwenye chupa. Na kuna mkongo wa taifa, ule waya wa intaneti waliofukia kando ya barabara. "Mama, unapanda ule wa kunywa au ule wa bando?" wakaniuliza. "Wa kuwafunika nyie wote," nikawajibu, nikapita zangu.

Masika ya kwanza nikaenda vilimani. Chini ya mikongo ya mama nikakuta miche iliyojiotea yenyewe, nikaing'oa na udongo wake, maana mama alinifundisha kwamba mche haung'olewi uchi. Nikaipanga uani kwangu kwenye vifuko, mmoja uliozidi nikautia kwenye ndoo mbovu karibu na bafu. Ilishika vizuri. Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa natoka kuitazama, naongea nayo kama mwehu.

Ukafika wakati wa mpunga. Shangazi yetu ana majaruba delta, na kila mwaka mimi huenda kumsaidia kuvuna. Nikapanda boti nikaenda, nikakaa huko mpaka mavuno yakaisha, tukilala kwenye dungu juu ya nguzo, mbu wakitusomea, matope yakinikauka mpaka mapajani. Huku nyuma nilimwomba kaka aimwagilie miche maji. Maji, nilisema. Nilisema maji.

Niliporudi, harufu ndiyo iliyonipokea. Ua zima lilikuwa la manjano, vumbi la salfa limetapakaa juu ya vifuko kama mtu kamwaga binzari.

"Nimekuokolea miche yako," kaka akasema. Alikuwa na furaha kabisa. "Kifuko kimoja kilipasuka, nikaona mizizi imeota ukungu mweupe, nyuzi tupu! Nikapulizia, na nyingine nikachanganya na maji nikamwagilia. Ningechelewa kidogo tu, ungekuta imekufa yote."

"Nani alikutuma?"

"Dada, ukungu ule ungeingia kwenye mikorosho yangu. Una akili weye?"

Nilimtukana. Sitayaandika hapa, lakini majirani wanayakumbuka. Na alichonijibu ndicho kilichoniuma zaidi, kwamba hata mimi ningeuona ule weupe kabla yake ningefanya vilevile. Ilikuwa kweli, na ukweli wa mtu unayemchukia kwa wakati ule hauna ladha nzuri.

Miche haikufa. Ingekufa ningelia yakaisha. Iligoma. Ilisimama palepale ilipokuwa, haipandi haishuki, majani yakageuka manjano na chini yake yakawa na rangi ya zambarau. Nikatia samadi, nikatia mbolea ya dukani, ikashtuka kidogo kisha ikarudi kwenye mgomo wake. Ule mmoja wa kwenye ndoo mbovu, ambao kaka hakuuona kwa sababu ulikuwa nyuma ya bafu, wenyewe ulikuwa unaongeza majani, kijani kibichi, hauna habari.

Anayetembelea mashamba yetu ni bibi shamba, binti mwenye umri wa mwanangu kama ningekuwa naye, anakuja na pikipiki na viatu vya mvua. Alikuja kwa ajili ya korosho za watu, nikamvuta mkono mpaka uani. "Mwanangu, hebu niambie hawa wana nini." Akaitazama miche ya manjano, akaniuliza maswali, kisha akautazama ule wa kwenye ndoo. Akaomba ruhusa aitoe yote miwili, mmoja wa salfa na mmoja wa ndoo, akaiosha mizizi polepole kwenye beseni.

Akatoa kioo cha kukuzia, akanipa nitazame. Mizizi ya mche wa salfa ilikuwa mitupu, myembamba, kahawia. Ya mche wa ndoo ilikuwa na vijitawi vifupi vifupi vinene, na kila ncha imevaa kitu cheupe, kama vidole vilivyovaa soksi. Kutoka kwenye zile soksi zilitoka nyuzi nyembamba kuliko uzi wa buibui, zimeshikana na udongo hazitaki kuuachia.

"Huu ndio ukungu aliouona kaka yako," akasema. "Ni kuvu kweli. Lakini hii hailiwi mizizi, mama, samahani, haili mizizi. Inaishi nayo."

Akanieleza, na mie nikamkatiza kila mara, mpaka nikaelewa. Kuvu haina kijani, kwa hiyo haiwezi kujipikia chakula kwa jua. Mti unapika sukari juu kwenye majani, unaishusha mpaka mizizini, na kuvu inapewa fungu lake pale kwenye zile soksi. Kuvu nayo hailali. Mzizi wa mti ni mnene, haupiti kwenye vipenyo vya udongo mgumu. Nyuzi zinapita. Zinakwenda mbali mno kuliko mzizi ungefika, zinanyonya maji, zinakwangua fosforasi iliyoganda kwenye mawe, zinarudisha kwa mti. Mti usio na nyuzi hizo kwenye ardhi maskini unakaa na njaa mbele ya chakula. Ndiyo maana ya manjano, ndiyo maana ya zambarau.

"Na kule shimoni?" nikauliza.

"Kule wakandarasi hawakubeba udongo peke yake. Walibeba na hizi."

"Na korosho za kaka?"

"Ubwiri unga ni mwingine kabisa, unakaa juu ya maua na majani machanga ya mkorosho. Huyu wa mkongo anakaa chini, ana mti wake. Hawajuani." Akacheka. "Ila sikudanganyi, mama, hata sisi chuoni tulisoma namna ya kuua ukungu kuliko namna ya kuufuga."

Kisha akasema kitu alichokiona kidogo, kwamba mvua zikija, baadhi ya kuvu hizi hutoa uyoga juu ya ardhi. Nikamwambia arudie. Uyoga ni tunda lake tu, akasema, mwenyewe yuko chini, kwenye mizizi. Nilikaa kitako pale pale kwenye tope la beseni. Nilimwona mama anatembea kichwa kimeinuka, anatafuta mti ili apate uyoga, na huyu binti ananiambia jambo lile lile akianzia upande wa chini. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa sababu mama hakuwepo nimwambie.

Vuli zilipokaribia nikarudi vilimani, safari hii nikijua ninachokifuata. Nikaokota mbegu za mkongo, zile nyeusi zenye kofia nyekundu, na chini ya miti nikajaza gunia la udongo wenye nyuzi nyeupe na majani yaliyooza. Nikapanda basi la kurudi. Konda alilinyanyua gunia kulitupa juu, akashangaa uzito.

"Mama, umebeba nini?"

"Udongo."

"Udongo wa wapi?"

"Wa kwetu."

Akaliweka chini taratibu sana. Mtu mzima, peke yake, kavuka wilaya na gunia la udongo. Najua alichofikiria, na abiria wote walikifikiria pamoja naye: udongo wa kaburi. Aliyekuwa amekaa karibu na mimi akahama kiti. Tulipofika daraja la Ndundu, mzee mmoja mbele akaanza kuvuta uradi kwa sauti, akinitazama kwa pembe ya jicho. Nikamwitikia kila aya aliyosoma, kwa sauti kubwa zaidi yake, mpaka akachoka yeye.

Kwenye kizuizi cha maliasili, askari akalichoma gunia kwa fimbo akidhani mkaa. Akaingiza mkono, akanusa. "Huu udongo kweli," akasema, kama ananishtaki. Nikamuuliza kama udongo nao una kibali. Akaniangalia, akamwangalia konda, akatoa mkono upesi akaufuta kwenye suruali. "Pita mama, pita." Ile ndiyo faida pekee niliyowahi kuipata kwa kudhaniwa mchawi.

Nilitengeneza kitalu kipya palepale pembeni ya shimo, kila kifuko nikakichanganyia udongo wa vilimani. Mbegu zikaota. Baada ya muda nikapasua kifuko kimoja nione, na humo ndani mlikuwa na soksi nyeupe kila mahali. Nikapiga kigelegele peke yangu. Hilo lilikuwa kosa, maana jirani alikuja kuona kuna nini, akaona, akaenda kusema.

Walikuja wengi. Baba mdogo mbele na bakora yake, kaka nyuma na mashine ya kupulizia mgongoni, imejazwa tayari. Majirani wenye mikorosho nao wakaja, na wao walikuwa na haki ya kuogopa, maana korosho ndiyo ada za watoto wao. Kaka akakinyanyua kifuko kilichopasuka, akawaonesha. "Tazameni. Anaufuga! Tunahangaika kila mwaka kuua ukungu, dada yetu ameuleta kwa gunia kutoka milimani, anaulea kama mtoto."

Baba mdogo akainama, akautazama ule weupe kwa muda. "Mwanangu, huu ni ukungu?"

"Ni ukungu, baba."

Watu wakaguna. Wangependa nikatae, nafikiri, ingekuwa rahisi kwao. Baba mdogo akajiinua, akasema ukoo hauwezi kuhatarisha mashamba ya watu kwa ajili ya shimo. "Pulizia," akamwambia kaka.

Nikavua kandambili, nikaingia katikati ya miche, nikakaa chini. Nikakunja mikono. "Pulizieni," nikasema. "Na mimi mnipulizie, nipate dawa."

"Dada, toka."

"Sitoki. Uliniuliza siku ile kama nina akili. Leo nakuuliza mimi. Uyoga wa mama ulikuwa unaula, au ulikuwa huuli?"

"Uyoga unahusu nini hapa?"

"Jibu. Ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa nakula."

"Ulikuwa unakula ukungu! Uyoga ndio tunda lake, na mwenyewe ndiye huyu unayemshika mkononi. Miaka yote ile ulikuwa unakwangua sufuria la ukungu na kidole ukilamba. Umekufa? Umeota vumbi jeupe? Basi kwanza ujipulizie weye tumboni, ukimaliza ndiyo uje kwangu."

Jirani mmoja mwanamke akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka kitenge kikamvuka, na kicheko kikawashika wengine. Kaka akakitazama kile kifuko mkononi, na nawaapia niliona koo lake linameza. Nikawaeleza wote yale ya bibi shamba, kwa maneno yangu, nikiwa bado nimekaa chini. Nikawaambia ubwiri unga unapanda juu kwenye maua, huyu anashuka chini kwenye mizizi, hawakutani hata barabarani. Wakinitilia shaka wamuulize bibi shamba wenyewe, anapita kila wiki. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Kumbe ni mkongo kweli, unapita chini unapeleka taarifa." Nikamwambia hapeleki taarifa, anapeleka chakula, bora kuliko bando lako.

Baba mdogo alicheka kidogo ndani ya ndevu, lakini hakunipa ushindi. "Masika ya tatu nilisema, na masika ya tatu hayajafika. Aachwe. Lakini mikorosho ya watu ikiugua, utajibu mwenyewe." Nikasema nitajibu. Sikuinuka mpaka wa mwisho wao alipoondoka.

Masika yaliyofuata nikahamishia shimoni. Nilichimba kwa sululu, jembe lilikuwa linaruka tu. Kila shimo dogo nililitia udongo kidogo wa vilimani, nikapanda, nikafunika majani makavu. Na katika mstari huo huo nikapanda ile miche ya salfa iliyogoma, bila udongo wa vilimani, kwa makusudi. Niliitaka pale iwe shahidi. Ardhi moja, mvua moja, mkono mmoja.

Kiangazi kilikuja na ukali wake. Nikabeba maji kichwani kutoka bombani, nikisalimiwa na wapita njia kwa sauti za pole, kama mfiwa. Kuna wiki niliamini kwamba nimejidanganya. Miche ya salfa ilikuwa vijiti. Ile ya vilimani ilijikunja, ikadondosha majani, nikasema haya, kwisha habari yangu. Sikuwa na pa kwenda baada ya hapo na nilijua. Kisha mvua ya kwanza ya vuli ikanyesha usiku, na siku chache baadaye machipukizi mekundu yakatoka, laini, kwenye kila mche wa vilimani. Kwenye mistari ile ile vijiti vikabaki vijiti. Kimoja, karibu na mche wenye afya, nilikihurumia nikakitilia konzi ya udongo mizizini. Kilichukua muda wake, kikageuka kijani.

Mikorosho ya kaka, kwa taarifa yenu, ilizaa kama kawaida.

Masika ya tatu ukoo ukaja. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa mfululizo, kokoto zinang'aa. Yule mtu wa yadi ya matofali naye alikuja, akabaki kwenye gari lake barabarani akisubiri kuitwa. Baba mdogo akashuka shimoni polepole akishikilia bega langu. Mikongo mingi ilikuwa imefika magotini, michache kiunoni, majani yake mazito yanametameta. Haikuwa msitu. Lakini ilikuwa imesimama. Baba mdogo akaenda mti kwa mti akiutingisha kwa bakora, haukulegea hata mmoja. Alipofika kwenye vile vijiti vya manjano akauliza hivi navyo vimekuwaje. "Hivyo ni vya kaka," nikasema.

Akamaliza mstari, akageuka. "Miti imesimama," akasema, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Nilitegemea kaka angebisha. Hakubisha. Alikuwa amechuchumaa chini ya mkongo mmoja kanzu yake ikiburura kwenye tope, anafukua majani kwa vidole viwili, vile vile kama mama. Nikasogea. Kwenye ardhi ile nyekundu, karibu na shina, palikuwa na viduara vya kahawia vimejitokeza, vimekaza, vidogo kama viazi vya mwisho wa gunia. Sikuwa nimeviona. Ulikuwa uyoga, wa kwanza shimoni, lakini haukuwa ule wa mama, ulikuwa ule mwingine aliokuwa akiuruka na kunipiga kofi la mkono nikiugusa.

Kaka akakinyanyua kimoja, akakinusa. Macho yake yalikuwa yameniinukia kutoka chini, na kwa dakika ile alikuwa tena yule anayesubiri sufuria. Nilimpenda, na sikumsamehe.

"Unaliwa?" akaniuliza.

"Hauliwi, kaka," nikamwambia. "Na shimo hili nalo haliliwi."